Wanga Kuwa Chombo cha Dawa

Miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana na kufikiriwa kidogo, wanga una daraja yake. Umo katika muhogo na viazi, katika mahindi na mchele. Mpishi huuona uji unapokuwa mzito, na dobi huutumia kuipa kanzu ukakamavu. Walakini tangu karne ya kumi na tisa wanga umekuwa na kazi nyingine, isiyoonekana kwa macho wala kutajwa mezani: kazi ya kuchukua dawa na kuifikisha mwilini. Historia ya kazi hiyo yastahili kusomwa, si kwa ajili ya maajabu yake tu, bali kwa kuwa ndani yake mna makosa mawili yanayopingana. Namna moja ya wanga uliogeuzwa iliogopwa kwa miaka mingi kwa ushahidi usiotosha. Namna nyingine iliaminiwa kwa miaka mingi kwa ushahidi usiotosha. Kosa la kwanza liliwachelewesha wagonjwa kupata faida, na la pili liliwatia wagonjwa hasarani.

Mwanzo wa kazi hiyo ulikuwa mnyenyekevu. Zamani vidonge vilifinyangwa kwa mkono. Mwaka 1843 William Brockedon, Mwingereza aliyekuwa mchoraji na mvumbuzi, alipata hataza ya kushindilia unga wa dawa ndani ya kalibu mpaka ukashikana. Mnamo miaka ya 1870 Stanislas Limousin, mfamasia wa Paris, alitengeneza vifuko vya kaki nyembamba ya unga ili dawa chungu imezwe pasipo kuonjwa. Mashine za vidonge zilipoenea, wanga ukawa mtumishi wao wa kila siku. Ukipikwa ukawa gundi, hushikanisha unga wa dawa ili kidonge kisivunjike mkononi. Ukitiwa mkavu, hunywa maji ya tumboni, ukavimba, ukakipasua kidonge. Hivyo tabia moja ya wanga, yaani kupenda maji, ilitumika kwa kazi mbili zilizo kinyume, kufunga na kufungua.

Lakini kidonge kikishapasuka kazi haijaisha. Dawa nyingi hazipatani na maji. Huyakimbia kama mafuta yanavyoyakimbia. Dawa isiyoyeyuka hupita tumboni kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe mlango, na haiwezi kutiwa katika mshipa wa damu kwa sindano. Ilitakiwa namna ya kuipa dawa ya jinsi hiyo vazi la kuingilia majini. Vazi hilo lilikuwamo katika wanga wenyewe, ila hapana aliyelitafuta huko, na waliolikuta kwanza hawakujua kuwa ni vazi.

Wanga ni minyororo mirefu ya sukari iitwayo glukosi. Baadhi ya minyororo hiyo imejisokota kama kamba, na mingine ina matawi kama mti. Mwaka 1811 Gottlieb Kirchhoff, mkemia aliyefanya kazi St. Petersburg, alichemsha wanga katika maji yenye asidi kidogo akapata sukari, na kwa njia hiyo ikadhihirika kuwa wanga waweza kukatwa. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Biot na Persoz, walikiita dekstrini kile kinachopatikana kati ya wanga na sukari, jina lililotokana na neno la Kilatini la upande wa kulia, kwa kuwa maji yake huuzungusha upande huo mwanga wa namna maalumu. Tangu hapo ilidhaniwa kuwa habari ya kuvunjika kwa wanga imekwisha: mnyororo mrefu huwa mifupi, na mifupi huwa sukari.

Dhana hiyo ilitiwa ufa mwaka 1891. Mkemia Mfaransa, Antoine Villiers, aliwaachia vijidudu wanga wa viazi wauchachushe. Katika gramu 1000 za wanga alipata kiasi cha gramu 3 za fuwele ambazo hazikuwa wanga, wala sukari, wala dekstrini ya kawaida. Hazikukatika upesi kwa asidi, na kwa ukaidi wake zilifanana na selulosi, mti wa nyuzi ambao mimea hujengea mwili wake. Kwa hiyo akaziita selulosini. Aliandika habari yake kwa ufupi, na ulimwengu ukapita. Gramu tatu katika elfu ni takataka katika macho ya mwenye kiwanda, na katika macho ya mwanachuoni mvivu ni kosa la kupima. Villiers hakuzitupa wala hakuzikuza. Aliziandika kama alivyoziona, na hiyo ndiyo amana yake.

Miaka kumi na miwili ikapita. Huko Vienna Franz Schardinger alikuwa akikagua vyakula. Swali lake lilikuwa la jikoni hasa: ni vijidudu gani hao wanaostahimili moto wa kupikia, wakabaki hai na kuwadhuru walaji? Katika kuwafuatia aliona kuwa baadhi yao, wakilishwa wanga, huacha fuwele za namna mbili. Mwaka 1903 alitangaza habari zake, akatambua kuwa huenda ni zile za Villiers. Mwaka uliofuata alimtenga kijidudu mwenye ustadi huo, akamwita Bacillus macerans. Kufikia mwaka 1911 alikuwa amekwisha onyesha jinsi ya kupata fuwele hizo kwa wingi, kiasi cha robo ya wanga uliotumika au zaidi, na jinsi ya kuzitofautisha kwa rangi zinapokutana na iodini. Moja akaiita alfa, nyingine beta. Alipoiacha kazi hiyo aliwaachia wengine waiendeleze, na kwa miaka mingi vitu hivyo vikajulikana kwa jina la dekstrini za Schardinger.

Kilichobaki kilikuwa kujua umbo. Katika miaka ya 1930 Karl Freudenberg na wenzake huko Heidelberg walieleza kuwa dekstrini hizi si minyororo mifupi bali ni pete, na mwisho wake umefungwa na mwanzo wake. Ndiyo sababu hazikatiki upesi, maana mnyororo uliofungwa hauna ncha ya kuanzia kuutafuna. Mwaka 1942 French na Rundle, huko Marekani, walipima wakaona kuwa alfa ina glukosi sita na beta ina saba. Baadaye pete ya tatu, gama, ikathibitishwa kuwa na nane. Jina la siklodekstrini, yaani dekstrini ya mviringo, likachukua mahali pa jina la Schardinger.

Umbo hilo ndilo siri ya jambo lote. Pete hiyo ina kimo na uwazi; upande mmoja ni mpana kidogo kuliko wa pili, mfano wa kinu kilichotoboka kitako. Sehemu zake zinazopenda maji zimetazama nje na kwenye kingo. Ukuta wa ndani hauyapendi maji. Molekuli ya dawa inayoyakimbia maji, ikiwa ina unene wa kufaa, huingia ndani ya kinu hicho na kupata kivuli. Nje maji huona siklodekstrini tu, nayo huipokea kama sukari. Hapana pingu kati ya dawa na pete. Dawa huingia na kutoka, na ikifika penye maji mengi au penye kitu kingine kinachokipenda chumba kile, huteremka. Methali husema kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Utupu wa pete hizi haukuvuma kamwe, na katika utupu huo ndimo ilimokuwa faida yote.

Friedrich Cramer, aliyefanya kazi pamoja na Freudenberg, alichunguza sana jinsi pete zinavyopokea wageni wake. Mwaka 1953 Freudenberg, Cramer na Plieninger walipata hataza ya Ujerumani juu ya kufungasha ndani ya siklodekstrini vitu vyenye athari katika mwili. Hivyo miaka sitini na miwili baada ya gramu tatu za Villiers, wazo lilikuwa limekamilika karatasini: dawa zinazoharibiwa na hewa zingeweza kulindwa, na zisizoyeyuka zingeweza kuyeyushwa. Kilichosalia kilikuwa kuthibitisha kuwa chombo hakimdhuru anayekinywa.

Hapo ndipo lilipoingia kosa la kwanza. Mwaka 1957 Dexter French, yule yule aliyezipima pete, alichapisha maelezo marefu juu ya dekstrini za Schardinger. Ni kazi ya heshima, iliyokusanya karibu yote yaliyojulikana wakati ule. Lakini ndani yake mlikuwa na maneno machache juu ya panya waliolishwa beta. Panya hao walikula kidogo kidogo, na katika muda wa juma moja wote wakafa. Walipopasuliwa, sababu ya kufa kwao haikuonekana. Jaribio lenyewe halikuwa limechapishwa kwa ukamilifu. Msomaji hakupewa njia ya kupima usafi wa kitu walicholishwa, wala kulirudia jaribio kama lilivyofanywa. Hata hivyo maneno yale machache yalikuwa na nguvu kuliko kurasa nyingi zilizoyazunguka. Nani angetumia mali yake kutengeneza dawa juu ya kitu kilichoua panya kwa juma moja?

French hapaswi kulaumiwa kwa kusema alilolijua. Kulificha kungekuwa kosa kubwa zaidi. Kosa lilikuwa la waliosoma. Habari isiyo na maelezo ilipasa kuwa swali, nao waliifanya hukumu. Kwa muda mrefu baada ya hapo woga ulifanya kazi ambayo ilistahili kufanywa na mizani.

Mizani ilirudi katika miaka ya 1970, Japani na Hungaria zikiongoza. Viwanda vilijifunza kutumia vimeng'enya vya vijidudu kutengeneza pete safi kwa wingi, na majaribio mapya ya wanyama yakafanywa kwa uangalifu. Ukweli ulionekana kuwa na sehemu mbili. Beta safi ikimezwa hainyonywi na matumbo ila kidogo sana. Hushuka mpaka utumbo mpana, ambako vijidudu huimeng'enya kama wanga mwingine. Lakini ikitiwa katika damu kwa sindano hudhuru figo, kwa kuwa katika pete zote tatu yeye ndiye mzito wa kuyeyuka: lita moja ya maji huchukua gramu 18 na nusu tu za beta, hali huchukua kiasi cha gramu 145 za alfa na 232 za gama. Basi kitu kile kile kilikuwa salama kwa njia moja na hatari kwa njia nyingine. Hukumu ya jumla ya mwaka 1957 haikuweza kusema hata moja kati ya hayo mawili.

Mwaka 1976 dawa ya kwanza ya namna hii iliuzwa Japani na kampuni ya Ono. Ilikuwa kidonge cha prostaglandini kilichowekwa chini ya ulimi, cha kuanzisha uchungu wa uzazi. Prostaglandini ni kitu dhaifu kinachoharibika upesi. Ndani ya pete ya beta kilitulia. Huko Budapest József Szejtli aliifanya elimu ya siklodekstrini kuwa kazi ya maisha yake, na mwaka 1981 mji huo ulikaribisha mkutano wa kwanza wa kimataifa juu yake. Mwaka 1988 Italia ilipata kidonge cha piroksikamu, dawa ya maumivu ya viungo, iliyofungashwa katika beta ili iyeyuke upesi zaidi.

Kisha wataalamu wakauliza kama ile kasoro ya beta yaweza kuondolewa. Sababu ya uzito wake ilijulikana: vikundi vilivyo ukingoni mwake hushikana mikono vyenyewe kwa vyenyewe, vikaacha kuyashika maji. Dawa ya ugonjwa huo ni kuvunja mshikamano kwa kuvibandika vikundi vigeni. Katika miaka ya 1980 ilipatikana pete yenye vikundi vya haidroksipropili, na baadaye, katika Chuo Kikuu cha Kansas, Valentino Stella na wenzake walitengeneza nyingine yenye mikono ya salfobutili iliyobeba chaji ya umeme. Pete hizi mpya huyeyuka kwa urahisi, na zaweza kuingia katika mshipa. Kwa njia hiyo dawa kali za kuua kuvu, ambazo hazikubali maji, zilipata maji yake: itrakonazoli kwa pete ya kwanza, na mwaka 2002 vorikonazoli ya sindano kwa pete ya pili. Mwaka 2020, katika janga la korona, chupa moja ya remdesiviri yenye miligramu 100 za dawa ilikuwa na gramu 3 za pete ya salfobutili. Chombo kilikuwa na uzito mara thelathini ya mzigo wake, na chombo hicho kilianza safari yake katika wanga wa shambani.

Kisa cha ajabu kuliko vyote kilitokea Newhouse, Scotland, katika maabara ya kampuni ya Organon. Anton Bom alitafuta kitu cha kuyeyusha rokuronyamu, dawa inayolegeza misuli ya mgonjwa aliyetiwa nusukaputi. Alipoijaribu siklodekstrini aliona kuwa pete yaweza kuikamata dawa ile. Mtu mwingine angeona kasoro; yeye aliona faida. Kama pete yaweza kuikamata dawa, basi iachwe iikamate ndani ya mwili, upasuaji ukiisha, misuli irudi kazini na mgonjwa avute pumzi mwenyewe. Pete ya gama ikarefushwa kwa mikono minane, ikaitwa sugamadeksi. Chombo kilichobuniwa kupeleka dawa kikawa chombo cha kuiondoa. Ulaya iliikubali mwaka 2008. Mwaka huo huo Marekani iliikataa, kwa kuhofia athari za mzio, ikataka majaribio zaidi, na iliikubali Desemba 2015. Mkawio huu haufanani na ule wa kwanza: shaka ilitajwa wazi na sababu yake, na waliotiliwa shaka walijua ni jambo gani wanapaswa kulijibu.

Kosa la pili ni la wanga mwingine, ambao haukufanywa pete. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi hupungukiwa na maji ya mishipani. Maji ya chumvi yakitiwa huvuja upesi kwenda katika nyama za mwili. Majimaji ya damu ya watu ni ghali, na yaweza kubeba maradhi. Ilifikiriwa kuwa wanga, kwa ukubwa wa molekuli zake, ungekaa ndani ya mishipa na kuyashika maji yasitoke. Ila wanga mtupu hukatwa na vimeng'enya vya damu kwa muda mfupi. Kwa hiyo ulibandikwa vikundi vya haidroksiethili vinavyozuia meno ya vimeng'enya, na mwaka 1972 wanga huo ulikubaliwa Marekani. Kwa miongo mingi ulitundikwa katika vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi, na madaktari wengi waliuona kuwa msaada mkubwa, maana mapigo ya damu yalipanda mbele ya macho yao.

Jicho lililoona mapigo yakipanda halikuona yaliyofuata. Kile kilichozuiwa kukatwa upesi hakikutoka upesi. Kilijilimbikiza katika figo, na katika ngozi kikaleta mwasho wa muda mrefu. Mwaka 2008 lilichapishwa jaribio la Ujerumani, lililohusu wagonjwa 537 waliozidiwa na maambukizi, ambalo lilikuwa limesimamishwa kabla ya wakati. Katika waliopewa wanga figo zilishindwa kazi zaidi. Mwaka 2012 lilichapishwa jaribio la nchi za Skandinavia, lenye wagonjwa 798 wa hali hiyo hiyo. Katika siku 90 walikufa 201 kati ya 398 waliopewa wanga, na 172 kati ya 400 waliopewa maji ya chumvi za kawaida. Mapigo yaliyopanda usiku wa kwanza hayakuwa uhai.

Na jambo la kuhuzunisha zaidi lilikuwa katika maktaba. Mwaka 2011 majarida kadhaa ya utabibu yalitangua makala zaidi ya 80 ya mtaalamu mmoja wa nusukaputi wa Ujerumani, kwa kuwa idhini ya kamati za maadili haikuthibitika. Baadhi ya makala zake zilikuwa miongoni mwa nguzo za kuusifu wanga huo. Mwaka 2013 uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ulionyesha kuwa, tafiti zake zikiwekwa kando, wanga ulihusiana na ongezeko la vifo na la figo kushindwa kazi kwa wagonjwa mahututi. Mwaka huo Ulaya ilikataza usitumiwe kwa wagonjwa mahututi, wenye moto na wenye maambukizi makali. Na ilipoonekana kuwa baadhi ya hospitali ziliendelea kuutumia kwa hao hao, mwaka 2022 ruhusa ya kuuza ikasimamishwa.

Mambo haya mawili yakiwekwa kando kwa kando, hutoka somo lisilopendeza kwa mwenye haraka. Wanga si rafiki wala adui wa mgonjwa. Kubandika kikundi kimoja cha atomi kwenye ukingo wa pete kumeokoa figo, na kubandika kikundi kinachokaribiana nacho kwenye mnyororo kumeziua. Jina la mmea halikutosha kuwa dhamana, wala ukale wa chakula haukutosha. Kwa maana muhogo ulioliwa vizazi na vizazi hausemi lolote juu ya wanga uliogeuzwa na kupitishwa katika sindano. Hata pete ya salfobutili iliyotumika katika janga la korona hutolewa na figo, na kwa hiyo wagonjwa wenye figo dhaifu waliwekewa tahadhari hapo mwanzo, mpaka majaribio yalipoonyesha kuwa tahadhari hiyo yaweza kulegezwa, na mwaka 2023 Marekani ikailegeza.

Katika historia hii waliostahili sifa kubwa si wote waliokuwa na furaha ya kuvumbua. Villiers aliandika gramu tatu bila kuzikuza. Schardinger aliwafuatia vijidudu vya jikoni mpaka akawatenga. Wale waliowalisha panya wapya beta safi walilirudia swali ambalo wengine walikwisha lifunga. Na wale wa Skandinavia waliwahesabu wafu mpaka siku ya tisini, wakati ambapo wenzao walikuwa wametosheka na mapigo ya saa ya kwanza.